Maswali ya Wasomaji: Ya Zamani Hayatoki, ya Juzi Hayakai

Barua tatu zimetufikia kutoka Tanga ndani ya mwezi mmoja, na zote zinagusa jambo moja, nalo ni namna umri unavyobadilisha uwezo wa ubongo wa kuyashika mambo mapya na kuyatunza. Tumeona ni bora tuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la barua ya kwanza linaitangulia ya pili, ingawa walioziandika hawafahamiani.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu ni miaka 71, na makazi yangu ni Ngamiani. Nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1975, na hadi leo naweza kuita mahudhurio ya darasa langu la kwanza jina kwa jina, kuanzia Abdallah hadi Zuhura, bila kumruka hata mmoja. Wiki tatu zilizopita nilikwenda soko la Mgandini kwa baiskeli, nikaiegemeza ukutani, nikaifunga kufuli, nikanunua dagaa, nazi mbili na fungu la mchicha, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikuikumbuka baiskeli hadi alasiri ya siku ya pili, mjukuu wangu alipokuja kuiazima. Namshukuru Mungu kwamba niliikuta palepale. Huyo mjukuu ana mchumba ambaye nimetambulishwa kwake mara nne, nami bado namwita "mwanangu" kwa kuwa jina lake halinijii. Mke wangu ananitania kwamba kichwa kimejaa. Je, kichwa hujaa? Na kwa nini ya mwaka 1975 yakae, ya juzi yasikae?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na utani wa mkeo, kwa sababu umeukaribia ukweli kuliko yeye mwenyewe alivyokusudia. Kichwa hakijai kama gunia la mahindi, na hakuna siku jina jipya litakapozuiwa mlangoni kwa kuwa nafasi imekwisha. Lakini ipo namna ambayo ya kale huyatatiza mapya, nami nitaifikia baada ya kueleza jinsi kumbukumbu inavyojengwa.

Seli za neva ndani ya ubongo hupelekeana ujumbe kupitia maungio madogo yaitwayo sinepsi. Jambo linapotokea, kundi fulani la seli hushtuka pamoja, na maungio yaliyotumika hukazwa, ili siku nyingine kundi lilelile liweze kuamka tena kwa wepesi. Kazi hiyo, kwa mambo ya matukio, majina na mahali, huanzia katika sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa, usawa wa masikio, moja kulia na moja kushoto. Sehemu hiyo huitwa hipokampasi, jina la Kigiriki la yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, kwa sababu umbo lake linafanana naye.

Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aliyeitwa Henry Molaison alipasuliwa ili atibiwe kifafa, na daktari akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kulishika tukio jipya hata moja likadumu. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alimchunguza kwa miaka mingi, na kila walipokutana ilikuwa kama ndiyo mara ya kwanza. Utoto wake, hata hivyo, Henry aliukumbuka. Tena, alipofundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, mkono uliendelea kuwa hodari siku baada ya siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Mkasa huo ulionyesha kwamba mahali kumbukumbu inapofinyangwa sipo pekee inapokuja kukaa. Kadiri jambo linavyorudiwa na miaka inavyopita, hutandazwa katika gamba la nje la ubongo na kuitegemea hipokampasi kwa kiasi kidogo zaidi. Majina ya darasa lako uliyaita kila asubuhi kwa mwaka mzima, ukiwa na daftari la mahudhurio mkononi, ukiwa na miaka 21, katika kazi yako ya kwanza, na bila shaka kwa wasiwasi kidogo wa mwalimu mgeni. Watafiti wameona mara nyingi kwamba wazee wakiombwa kusimulia maisha yao, matukio ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hujitokeza kwa wingi kuliko ya miaka iliyofuata. Kwa hiyo Abdallah na Zuhura wamekaa mahali ambapo uzee huchelewa sana kufika. Mchumba wa mjukuu umemsikia mara nne tu, na pengine kila mara sebule ilikuwa imejaa watu na sinia la chai lilikuwa likipita.

Sasa baiskeli. Nadhani hukuisahau, Mwalimu, hukuiandika kabisa. Kuegemeza baiskeli ukutani na kuifunga kufuli ni kazi ambayo mikono yako imeifanya maelfu ya mara, na wakati ikifanya, akili ilikuwa imetangulia kwenye bei ya nazi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo hutuwezesha kuelekeza macho na masikio mahali pamoja na kuyafukuza mengine, hudhoofika mapema kuliko sehemu nyingi wakati umri unaposonga, na jambo ambalo halikupewa umakini halifiki hata kwenye mlango wa hipokampasi. Jambo la pili ni kwamba siku ile ilifanana na siku nyingine mia: ukuta uleule, soko lilelile, kikapu kilekile. Ubongo wa kijana huzitenganisha siku zinazofanana. Ubongo wa mzee huelekea kuzikunja pamoja, kama kanga za doti moja zilizopangwa kabatini.

Hapa ndipo utani wa mkeo unapopata nguvu. Kwenye sinepsi kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kuamua kama ungio likazwe au lilegezwe, na vimejengwa kwa vipande vya protini ambavyo viwili kati yake vinatuhusu hapa: NR2B, ambacho ni kingi utotoni, na NR2A, ambacho huongezeka na kukizidi cha kwanza baada ya kubalehe. Mwaka 1999 mwanasayansi Joe Tsien na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba panya walioongezewa NR2B walijifunza na kukumbuka vizuri kuliko panya wa kawaida. Mwaka 2013, akiwa katika chuo cha udaktari jimboni Georgia, yeye na wenzake walieleza matokeo ya jaribio la upande wa pili, yaani panya walioongezewa NR2A ili wafanane na wanyama waliokomaa. Wengi wangetarajia kwamba panya hao wangeshindwa kukaza maungio yao. Haikuwa hivyo. Walikaza kama kawaida, na jambo jipya walilishika kwa muda mfupi. Walichoshindwa ni kulegeza maungio yasiyohitajika, na kumbukumbu za kudumu ndizo zilizowapotea.

Wewe umesimama mbele ya ubao miaka mingi, kwa hiyo utanielewa upesi kuliko wasomaji wengine. Ukiandika hesabu ya leo juu ya hesabu ya jana ambayo haikufutwa vizuri, chaki si haba na mkono haujapungua nguvu, lakini mtoto aliyekaa dawati la nyuma hasomi kitu. Kuandika kunahitaji kufuta. Kwa mtazamo huu, ubongo uliokomaa hushindwa kutunza kwa sababu dasta yake imechakaa, wala si kwa sababu chaki imekwisha. Naomba usilichukue jambo hili kupita kiasi, maana panya si mwalimu, na mabadiliko ya vipande hivyo vya protini huanza ujanani, muda mrefu kabla ya mvi. Ni uzi mmoja katika mkeka wenye nyuzi nyingi.

Uzi mwingine ni kwamba hipokampasi yenyewe hupungua ukubwa, kwa kadiri ya asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka katika umri mkubwa, na hii husababishwa zaidi na kupungua kwa maungio kuliko kufa kwa seli nyingi kama ilivyodhaniwa zamani. Mwingine tena ni usingizi. Katika usingizi ule mzito wa mwanzoni mwa usiku, hipokampasi huyarudia matukio ya mchana na kuyakabidhi kwa gamba la nje. Wazee hupata usingizi wa namna hiyo kwa uchache, na hukatizwa mara kwa mara na kwenda msalani. Kwa hiyo hata lililoandikwa vizuri asubuhi huweza kukosa wa kulipokea usiku.

Kuhusu la kufanya, nina mambo machache tu, na nimeyachagua kwa ajili yako. Utakapoiegemeza tena baiskeli, taja kwa sauti: "Nimeiweka karibu na muuza madafu." Wapita njia watakushangaa, lakini sentensi hiyo moja huulazimisha ubongo kuitenga siku hiyo na nyingine. Kuhusu mchumba, rudi kwenye darasa lako la 1975. Kama yumo mwanafunzi wa jina lake, mkalishe naye dawati moja. Kama hayumo, mtafutie nafasi kati ya watoto wawili ambao herufi zao zinamkaribia, na uite mahudhurio hayo mapya leo jioni, kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, inajulikana kwamba marudio yaliyoachana kwa siku hushinda marudio mengi ya mara moja. Jina geni haliwezi kusimama peke yake. Likiegemezwa kwenye jambo ambalo halitikisiki, linasimama.

Tena, kurudi kwako kwa miguu hakukuwa hasara tupu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walieleza kwamba watu 120 wa umri wa miaka 55 hadi 80 waligawanywa makundi mawili kwa mwaka mmoja: kundi moja lilitembea kwa hatua za haraka dakika 40, mara tatu kwa wiki, na jingine lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Kwa waliotembea, sehemu ya mbele ya hipokampasi iliongezeka kwa takriban asilimia 2, na kwa wengine ilipungua kwa takriban asilimia 1.4. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi, kabla jua halijawa kali, kunatosha kabisa.

SWALI: Naandika kuhusu mama yangu mzazi, mwenye miaka 78, ninayeishi naye Chumbageni. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa amekuwa akiuliza swali lilelile mara tatu au nne ndani ya nusu saa, na jioni huuliza kama baba amerudi kutoka shamba la mkonge, ilhali baba alifariki miaka 12 iliyopita. Bada yake, ambayo majirani walikuwa wakiifuata hadi mlangoni, sasa huisonga ikabaki na mabonge, kisha akasema hakuisonga yeye. Mwezi uliopita alipotea akitoka kwa shoga yake, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Lakini akishika tasbihi baada ya Magharibi husoma Yasini yote kwa moyo bila kukosea. Ndugu zangu wanasema ni uzee, jirani mmoja anasema amechezewa, na zahanati moja niliyompeleka walimpa vitamini bila kumuuliza lolote. Mtu anayeikumbuka Yasini anaweza kweli kuwa mgonjwa wa kumbukumbu?

JIBU: Anaweza, dada yangu, nami nakuomba usiichukue Yasini kuwa cheti cha uzima. Sura aliyoihifadhi chuoni akiwa mtoto na kuisoma kwa maelfu ya usiku imetandaa katika ubongo kuliko hata majina ya wanafunzi wa yule Mwalimu, na hubeba mwendo wa ulimi pamoja na maneno, kama mkono wa Henry uliojua kuchora nyota ambayo Henry mwenyewe hakuijua. Ni neema kubwa kwake na kwenu. Lakini haituelezi iwapo ubongo wake unaweza kulitunza jambo la leo asubuhi.

Tofauti kati ya mama na Mwalimu iko wazi hata kwenye karatasi. Mwalimu aliisahau baiskeli, akatambua kwamba ameisahau, akaona haya na kutuandikia mwenyewe. Mama hatambui, nanyi ndio mnaoandika kwa niaba yake. Mwalimu akikumbushwa, tukio humrudia. Zaidi ya yote, Mwalimu bado anaendesha maisha yake, ilhali mama ameanza kupoteza kazi na njia alizozijua kwa miongo. Siwezi kumpa mtu jina la ugonjwa kupitia barua, lakini mambo haya matatu kwa pamoja hayaitwi uzee. Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani ambaye ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi la maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili, yaani dimensia, umepewa jina lake, alieleza mwaka 1906 habari za mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51 tu. Umri huongeza hatari, lakini umri si ugonjwa. Wala maradhi haya si ya Wazungu peke yao. Katika utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa katika muongo uliopita, takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia.

Mpeleke hospitali, na kwa kuwa mko mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haiko mbali. Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari kwa wiki mbili yale unayoyaona: siku, saa, alichokiuliza na alichokosea. Daktari mwenye foleni ndefu atafaidika zaidi na kurasa mbili hizo kuliko na maelezo ya mdomo. Chukua pia dawa zote anazomeza, hata zile za kununua dukani, kwa sababu baadhi yake, kama klofeniramini ya mafua na dawa kadhaa za usingizi, hutatiza kumbukumbu za wazee waziwazi. Omba apimwe presha, sukari, damu, tezi ya shingo na, ikiwezekana, vitamini B12. Omba masikio yake yatazamwe, maana asiyesikia vizuri hawezi kukumbuka ambalo halikumfikia. Waeleze pia kama huzuni ilimwingia na haikutoka, kwa kuwa sonona kwa mzee huweza kujifanya usahaulifu. Baadhi ya mambo haya yakitibiwa, kumbukumbu hurudi kwa kiasi. Ikitokea siku amebadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, akawa haelewi alipo au analala kupita kawaida, usisubiri daftari. Hiyo ni dharura, na mara nyingi kuna maambukizi au kiharusi.

Kuhusu jirani na maneno yake ya kuchezewa, mjibu kwa upole lakini umjibu, kwa sababu maneno hayo yakizagaa huchelewesha tiba, na katika baadhi ya sehemu za nchi yetu yamewageukia wazee wenyewe kwa madhara makubwa.

Na jioni anapomuuliza baba, usimpe taarifa ya msiba upya kila siku. Kwa kuwa haishiki, kila mara ataipokea kama ndiyo kwanza imefika. Muulize baba alikuwa akirudi saa ngapi na alipenda kula nini. Huko nyuma ana mengi ya kukusimulia, nawe huenda ukasikia usiyoyajua.

SWALI: Nina miaka 19. Babu yangu, miaka 73, aliyekata mkonge ujanani, anataka kujifunza kutuma pesa kwa simu, lakini kila nikimwelekeza anasahau, na namba ya siri ameibadilisha mara tatu. Mama anasema nimfanyie mwenyewe, kwa kuwa ubongo wa mzee haufundishiki. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mwambie mama hivyo kwa adabu. Mzee hujifunza polepole zaidi na huhitaji marudio zaidi, lakini kilichokaa hukaa. Naamini kosa liko kwenye ufundishaji: wewe ndiye unayebonyeza na yeye anatazama, tena usiku baada ya taarifa ya habari, akiwa amechoka. Mfundishe asubuhi, hatua moja kwa siku, simu ikiwa mkononi mwake na mikono yako ikiwa mgongoni. Akishafika mwisho, zima kila kitu, ongeeni mambo mengine kwa robo saa, kisha aanze upya peke yake. Arudie kesho yake, na baada ya siku tatu. Atume kiasi kidogo cha kweli kwa mtu wa kweli, kwa sababu mazoezi yasiyo na maana ubongo huyapuuza, wa mzee hata zaidi ya wako.

Namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu, wala isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, ambao kila mtu mtaani anaujua. Umesema kwenye barua yako kwamba alikata mkonge ujanani. Muulize faraghani kama anaikumbuka namba yake ya kazini, au ya baiskeli yake ya kwanza. Nina hakika ataitaja kabla hujamaliza swali. Achukue tarakimu nne kutoka humo, azipange atakavyo yeye, wala asikuambie. Akikwama siku ya pili, usimsaidie kukisia; kaa kimya umwache aitafute.